Mbio Zisizo na Msiba

Kijijini Ulemo, mtu mzima hakimbii hivi hivi. Watoto sawa, watakimbizana mpaka jua lizame na hakuna atakayeinua macho. Lakini mtu mzima ukimwona anakimbia, ujue ng'ombe wameingia kwenye mtama, au mvua imemkuta ameanika alizeti, au kuna nyumba inaungua. Na akiwa ni mwanamke, asubuhi na mapema, mikono mitupu, anapita milango ya watu bila kusalimia, hapo hakuna cha kuuliza. Kuna mtu amefariki. Mpeleka habari ya msiba hasimami njiani. Atasalimiaje, na salamu yenyewe inaanza kwa kuulizana uzima? Hufunga mdomo mpaka afike kwa wenye mtu wao. Wanaomwona akipita hawamwiti. Wanaacha walichoshika na kumfuata.

Eliana hakuyajua hayo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia, maana nani humwambia mtu jambo ambalo kila mtu analijua? Alikuwa ameolewa kutoka Itigi, mji wa reli, na Itigi watu wanakimbia kila siku ya Mungu.

Alikuwa na mwaka wa tatu Ulemo, kwa mume wake Chediel na mama mkwe wake, Mama Rahabu, na kijana wao mdogo Philipo ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno. Chediel alifanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti ya mtu binafsi, kule Iguguno. Mashine za namna hiyo zilikuwa zimeanza kuota kila mahali baada ya ushirika kulegea. Jumatatu aliondoka na baiskeli, Jumamosi akarudi ananukia mashudu. Siku za katikati nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto.

Kila alfajiri, kabla moto haujawashwa, Eliana alimwacha Philipo amelala ubavuni kwa bibi yake, akajifunga khanga juu ya sketi, akavaa raba alizonunua mnadani. Ilikuwa miaka ile marobota ya mitumba yalikuwa yanafumuliwa chini kila mnada, na mtu wa kawaida akaanza kuchagua kiatu badala ya kuchaguliwa na kiatu. Raba zenyewe zilikuwa za mtoto wa Kizungu wa huko kwao, nyeupe, zimechakaa kisigino kimoja. Alizivaa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika njia ya mashambani, akakimbia katikati ya alizeti mpaka barabara kuu wanakopita watu wa mabasi, akageuka, akarudi. Alipoingia uani Mama Rahabu alikuwa ndiyo anachochea kuni. Mama Rahabu aliziona raba zimejaa umande, akamwona mkwe wake anahema, na hakusema kitu. Alidhani ni mambo ya tumbo.

Sasa mvua za kwanza zikanyesha, na watu wakaingiza majembe ya ng'ombe mashambani. Njia ile ya Eliana ikalimwa yote, ikabaki matuta na tope. Asubuhi ile alisimama ukingoni mwa shamba, akaitazama, akaona haipitiki. Angeweza kurudi akawasha moto. Miguu ikakataa. Akazunguka kwa mbele, akashika njia ya kijijini inayopita milangoni kwa watu, akakimbia.

Wa kwanza kumwona alikuwa Anastazia, jirani, aliyekuwa anafagia uwanja. Anastazia alijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba Mzee Isaka, baba mkubwa wa Chediel, alikuwa na kifua tangu kiangazi na wiki ile alikuwa amezidiwa. Akamwona mke wa Chediel anapita mbio, macho mbele, hasalimii. Anastazia aliweka ufagio chini, akafunga khanga kiunoni vizuri, akalia. Aliyelia wa kwanza akishalia, wa pili haulizi. Wanawake wakatoka nyumba kwa nyumba. Wanaume wakachukua majembe na sururu. Manase, mzee wa kanisa, akaenda kugonga kipande cha chuma kilichokuwa kengele yao. Umati ukaelekea kwa Mzee Isaka, na Eliana, aliyekuwa ameshawaacha mbali, akazisikia sauti za vilio nyuma yake, akasimama, akageuka na kuwafuata ili ajue nani amekufa.

Mzee Isaka alikuwa nyuma ya nyumba anaota jua, ana bakuli la uji wa ulezi mkononi. Alisikia watu wanamlilia kwa jina. Akasikiliza kwanza. Kisha akajikongoja mpaka mbele, bakuli bado mkononi, akawauliza ni nani aliyefariki, na uwanja mzima ukanyamaza. Wengine wakaangalia sururu zao kama hawajui zilifikaje pale.

Ndivyo ilivyokuwa. Kumlilia mtu aliye hai si jambo la kucheka, ingawa jioni yake watu walicheka sana majumbani mwao. Mbele za watu lilikuwa ni aibu, na aibu ile ilikuja kukaa uani kwa Mama Rahabu.

Chediel aliitwa kutoka Iguguno katikati ya wiki. Alikaa kwenye kigoda, mke wake amekaa kwenye mkeka, Mama Rahabu amesimama na Philipo mgongoni. Mama Rahabu hakufoka. Alisema taratibu kwamba yeye hana ugomvi na miguu ya mtu, lakini mtu hakimbii bure. Anayekimbia ama anakwenda mahali ama anatoka mahali. Kama mkwe wake anatoroka kitu hapa nyumbani, akiseme. Kama anamfuata mtu huko barabarani, watu wameshaanza kusema, na yeye masikio anayo. Na kama hana jambo la kusema, basi zile raba zirudi mnadani na mbio ziishe. Kesho waende wote kwa Mzee Isaka kuomba radhi, na huko akaulizwe, akajibu.

Chediel alijikuna shingo. Akamuuliza mke wake kwa upole, kutembea kuna shida gani. Eliana akasema hakuna shida. Akanyamaza, na kunyamaza kwake hakukumsaidia, maana mume naye akaanza kumtazama kama mtu anayehesabu mambo moyoni.

Mchana ule Eliana alichambua mchicha mpaka majani yakaisha akabaki anachambua vidole. Kuacha mbio angeweza. Mtu anaacha mangapi. Lakini kila alipofikiria alfajiri bila kukimbia, alijikuta ameinua macho kuitazama njia. Na kusema sababu, angeanzia wapi?

Angeanzia Itigi, labda. Stesheni, miaka ile maduka yalikuwa matupu, sabuni ikionekana mji mzima unajua. Baba yake alikuwa mrina asali. Aliingia kwenye vichaka vile vya Itigi ambavyo mgeni akiingia anatoka amechanwa nguo, akarudi na asali nyeusi yenye harufu ya maua ya porini. Mama yake, Yustina, aliichuja kwa kitambaa, akaitia kwenye chupa za bia, akaziba kwa vipande vya magunzi. Treni ikija, Mama Yustina alikuwa chini ya madirisha ya daraja la tatu na beseni kichwani. Asali, asali ya Itigi, onja kwanza. Wasafiri walinyoosha mikono, wengine walitoa fedha, wengine walitoa kipande cha sabuni kutoka Dar es Salaam, na kipande kile kiliinuliwa juu kama kitoto kichanga.

Treni ilikuwa haikai. Ilichelewa nusu siku kufika, lakini ikishafika ina haraka ya kuondoka utadhani Itigi ndiyo iliyoichelewesha. Honi inapigwa, na palepale unakuta msafiri mmoja amelipa na chupa hajapewa, mwingine anadai chenji, na mabehewa yameanza kuvutana. Kuna wauzaji waliokuwa wakifurahi hapo. Mama Yustina hakuwa wao. Alikuwa hataki mtu afike Tabora akisema wanawake wa Itigi ni wezi. Kwa hiyo kila mama mwenye kujiheshimu alikuwa na mkimbiaji wake, mtoto mwepesi wa miguu, na mkimbiaji wa Mama Yustina alikuwa Eliana.

Alikumbuka kokoto zilivyolia chini ya miguu. Alikumbuka joto la behewa likipita shavuni, na harufu ya grisi na machungwa, na vichwa vya watu vimejaa dirishani vinamshangilia, kimbia, kimbia binti, karibu. Chupa mkononi, ameibana gunzi kwa kidole gumba. Halafu ule mkono unaonyooka kutoka dirishani, unakua, unakua, mpaka vidole vinagusana na chupa inakwenda. Baada ya hapo alikuwa hana sababu tena ya kukimbia, na bado alikimbia, mpaka sakafu ya stesheni iishe na behewa la mwisho limpite, abaki na reli mbili na upepo. Hapo ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote. Alirudi polepole, na mama yake alikuwa amesimama palepale na beseni, anamuuliza swali lilelile, kila mara, kwa sauti ileile kavu.

"Umemfikia?"

"Nimemfikia, mama."

Na Mama Yustina aliitikia kwa kichwa, basi. Hakuwa mtu wa kusifu. Lakini mwitikio ule wa kichwa Eliana alilala nao.

Kesho yake walikwenda kwa Mzee Isaka: Mama Rahabu mbele na kuku wa radhi chini ya kwapa, Chediel, na Eliana nyuma amembeba Philipo. Mzee aliwapokea ndani, amejifunika blanketi, macho yanang'aa. Eliana alipiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndiyo wewe uliyeniua?"

Chediel alikohoa. Eliana alisema ni yeye, na kwamba amekuja kuomba radhi, hakujua.

"Radhi ya nini," Mzee Isaka alisema. "Watu wanakufa bila kujua nani angewalilia. Mimi nimesikia wote. Anastazia analia vizuri, ana pumzi. Mke wa Manase alikuwa anataja jina langu huku anaulizia chumvi. Na Simeoni, niliyemsaidia kuezeka, alikuja amechelewa na hakuleta hata jembe. Nimemweka moyoni."

Mama Rahabu hakucheka. Alisema kuwa mzee amesamehe na wanashukuru, lakini kuna jambo limebaki. Mkwe aseme mbele ya mkubwa wa ukoo alikuwa anakimbilia nini. Akisema lieleweke, waendelee kuishi. Asiposema, mbio zimekwisha leo.

Philipo alikuwa anavuta pindo la blanketi la mzee. Eliana aliangalia mikono yake, na alipoanza alianza mahali ambapo hakupanga. Hakusema habari ya treni wala ya asali. Alisema habari ya lori.

Alisema kwamba mama yake alipofariki, mwaka juzi, yeye alikuwa na mimba ya Philipo, kubwa. Habari ilimfikia jioni. Asubuhi akapata lori la mahindi, likaharibika njiani, wakalala porini, fundi akaenda kutafuta kifaa, akarudi na kisicho chenyewe. Alipofika Itigi watu walikuwa wananawa mikono. Udongo ulikuwa bado mbichi, lakini ulikuwa umeshafunika. Aliporudi huku, watu walipomuuliza kama wamezika salama, alijibu ndiyo, tumezika. Angesema nini kingine. Alisema tumezika, na kila mtu akadhani alikuwepo.

"Mimi nilikuwa mtoto wa mbio," alisema. "Mama alikuwa akinituma kwa mtu aliye kwenye treni inayoondoka, na namfikia. Sikuwahi kukosa hata mmoja. Yeye peke yake ndiye ambaye sikumfikia."

Akaifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Ukikaa chini, umeshachelewa, mambo yamekwisha. Lakini nikikimbia, asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, ninakuwa bado niko njiani. Nikiwa nakimbia, sijachelewa bado. Ni hivyo tu, mama. Hakuna mtu barabarani."

Chediel aliinamisha kichwa. Alikuwa amelala na mwanamke huyu chumba kimoja miaka yote hiyo na habari ya lori lile aliijua, lakini ya udongo hakuijua. Mzee Isaka aliufumbata mkono wa Philipo. Mama Rahabu alisimama, akajifunga khanga upya ingawa ilikuwa haijafunguka, akasema twendeni nyumbani.

Njiani Mama Rahabu hakugeuka nyuma. Alitembea mbele kwa hatua zake fupi, na Eliana alimfuata akiutazama mgongo wake, hajui kama ameeleweka au amehukumiwa. Usiku ule alizitoa raba chini ya kitanda, akazifuta tope, akaziweka kando ya mlango tayari kwa mnada. Alfajiri miguu ilimwamsha kama kawaida. Alilala akiisikiliza, hakutoka. Na siku iliyofuata hakutoka.

Siku ya tatu, Jumamosi, alirudi kutoka kisimani akakuta uwanja wao umejaa wanawake. Mmoja ana mzigo wa kuni, mwingine ndoo ya maji, mwingine unga kwenye ungo. Mikeka ilikuwa imetandikwa kivulini ubavuni mwa nyumba, na Mama Rahabu alikuwa amekaa katikati yake, hajavaa viatu, kama anavyokaa mfiwa. Eliana alitua ndoo. Akamfikiria Chediel, akafikiria baiskeli na barabara. Lakini Chediel alikuwa pale pale, anapasua kuni na wanaume.

Anastazia ndiye aliyekuja kumshika mkono.

"Mama Philipo, usiogope. Kile kilio tulichomlilia Mzee Isaka kilikosa mwenyewe. Kisingeweza kukaa hivyo bure. Tumekileta kwa mwenyewe."

Mama Rahabu aligonga mkeka kwa kiganja, hapa, karibu naye. "Uliniambia mmezika," alimwambia Eliana alipokaa. "Nikakuacha ukapika, ukabeba maji. Mama wa watu amekufa na nyumba yangu haikulala chini hata siku moja. Haya. Alikuwa anaitwa nani?"

"Yustina."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Basi Eliana akawaambia. Akawaambia habari ya chupa na magunzi, na beseni, na sabuni iliyoinuliwa juu, na wasafiri walioshangilia, na lile swali. Wanawake wa Ulemo, ambao wengi wao treni hawajawahi kupanda, walisikiliza wakiitikia. Anastazia aliuliza kama ni kweli ile asali ilikuwa nyeusi, na mke wa Manase akataka kujua mtu anawezaje kukimbia na chupa asianguke. Palikuwa na kicheko hapo katikati. Kisha Anastazia akaanza kulia, kwa ile pumzi yake aliyoisifia Mzee Isaka, anamtaja Yustina ambaye hakuwahi kumwona, na wengine wakapokea, na Eliana akalia mpaka akalala kwenye mapaja ya mama mkwe wake mchana kweupe. Jioni walikula pamoja. Mzee Isaka alikuja na fimbo yake, akala kuliko wote.

Jumatatu asubuhi Chediel alikuwa anafunga mzigo kwenye baiskeli. Eliana aliamka akakuta raba haziko kando ya mlango. Akajua zimeuzwa, na akashangaa kwamba haikumuuma kama alivyotegemea. Akatoka nje kwenda kuwasha moto. Moto ulikuwa umeshawaka. Mama Rahabu alikuwa amekaa mbele yake, Philipo amelala mgongoni, na zile raba zimesimamishwa karibu na mafiga, zinatoa mvuke.

"Zilikuwa mbichi," alisema mama mkwe, bila kugeuka. "Utapata baridi ya miguu."

Eliana alisimama. Kitu kimoja kilikuwa kinamtisha, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Ameshasema. Ameshalia. Mama yake ameliliwa na kijiji kizima, amekaliwa chini, amelaliwa kwenye mkeka. Sasa akitoka kukimbia, atakuwa anakimbilia nini? Alifikiri labda miguu itafika mahali fulani, isimame yenyewe, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Akavaa. Raba zilikuwa na joto. Akapita mbele, njia ya watu.

Anastazia aliacha kufagia, akamwangalia, akaendelea kufagia. Mke wa Manase alimuuliza kwa sauti kama ana chupa. Mbele ya nyumba za mwisho Chediel alimfikia kwa baiskeli, mzigo mkubwa nyuma, akapunguza mwendo, wakaenda sambamba, yeye anakanyaga, mkewe anakimbia.

"Leo unamkimbilia nani, Mama Philipo?"

Eliana alitaka kujibu kama alivyozoea kumjibu, kwamba hakuna, kwamba ni mazoezi tu. Akasikiliza kwanza ndani yake. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolimwa, na ng'ombe wa kwanza wameshafungwa nira, na jua lilikuwa bado halijatoka lakini limeshaamua upande.

"Simkimbilii mtu," alisema. "Ninakimbia."

Chediel alicheka, akakaza miguu ili amwache nyuma. Hakuweza. Palikuwa na kilima pale, na mzigo wake ulikuwa mkubwa, na mke wake alimpita akiwa hata hajafungua mdomo kuhema, akaendelea mbele kuelekea barabarani, khanga inapepea.